Ufukwe wa Busega: nani apite, nani ajenge?

Kati ya wilaya tano za Mkoa wa Simiyu, ni moja tu inayogusa maji ya Ziwa Victoria, nayo ni Busega. Bariadi, yalipo makao makuu ya mkoa, haina hata hatua moja ya ufukwe. Kadhalika Itilima, Maswa na Meatu. Mkoa huu ulipoundwa mwaka 2012, Busega iliondolewa katika iliyokuwa Wilaya ya Magu mkoani Mwanza, ikaunganishwa na wilaya zilizotoka Shinyanga, na pamoja nayo likaja ziwa. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 2 katika mkoa mzima. Basi kipande kile cha mchanga na matete kinachotazama Ghuba ya Speke ndicho mlango pekee ambao watu wote hao wanaweza kuupita na kulifikia ziwa bila kutoka nje ya mkoa wao. Mlango huo hivi sasa unagombewa, na wanaougombea hawana nguvu sawa.

Zamani safari ya kutoka Bariadi kwenda ziwani ilikuwa safari ya vumbi na ya kutwa nzima. Leo barabara ya lami ya kilometa zipatazo 70 inamfikisha msafiri Lamadi, inapokutana na barabara kuu ya Mwanza na Musoma, karibu na lango la Ndabaka la Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Mwalimu anayeondoka Bariadi baada ya chai ya asubuhi huweza kuwa ametia miguu majini kabla jua halijawa kali. Mtalii aliyetoka kutazama nyumbu na simba hupenda kulala usiku mmoja kando ya ziwa kabla ya kuendelea na safari yake. Lami imeleta nyumba za wageni, mahoteli, vibanda vya samaki wa kukaanga, sherehe za harusi, na semina ambazo wajumbe wake hufanya kazi hadi saa nane mchana na kustarehe hadi usiku. Hapana ubaya katika hayo. Ni dalili kwamba sehemu iliyokuwa nyuma sasa inafikika.

Lakini ufukwe huo haukuwa tupu ukisubiri wageni. John Hanning Speke alipolitazama ziwa hili mwaka 1858 na kulipa jina la malkia wake, wenyeji walikuwa wakiliita Nyanza na wakilitumia kila siku. Mtindo huo wa Speke haujafa. Hadi leo yuko mtu anayesimama juu ya kilima, akaona maji ya buluu na mchanga, akadhani kwamba kwa kuwa yeye ndiyo kwanza ameyaona, basi hayana mwenyewe.

Wenyewe ni wengi. Yuko mvuvi wa dagaa, ambaye mwalo ni ofisi yake, ghala lake na kiwanda chake kwa wakati mmoja. Yuko mama anayeanika dagaa hao mchangani au juu ya chanja, na ambaye asipopata nafasi ya kuanika kwa jua la siku moja hupoteza mtaji wa wiki nzima. Yuko mfugaji anayeshusha ng'ombe kunywa maji wakati wa kiangazi, mito ya Simiyu inapokauka na watu wa bara kubaki wakichimba mchanga wa mto kutafuta maji. Yuko mtoto aliyetumwa na ndoo. Nyuma yao wote yuko mwananchi wa Bariadi na Itilima ambaye hajawahi kuliona ziwa na bado ana haki ndani yake, kwa maana mradi mkubwa wa maji wa Simiyu, ambao Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha kuuchangia mwaka 2017, ulibuniwa kuyachukua maji Busega na kuyapeleka katika wilaya nyingine za mkoa. Anayetupa taka ufukweni Jumamosi anafaa kukumbuka kwamba Jumatatu, huko bara, yako mabomba yanayongojea maji hayo hayo.

Haya yote yanapokutana na starehe, ugomvi hauna budi kutokea. Mwenye hoteli husema harufu ya dagaa inafukuza wageni. Mvuvi hujibu kwamba wageni ndio walioikuta harufu. Boti ya mashine inayowatembeza watalii ikipita juu ya nyavu zilizotegwa huzikata, na mwenye nyavu hana pa kwenda kushitaki iwapo hapana mahali palipoandikwa boti zipite wapi na nyavu zitegwe wapi. Ng'ombe wakipita mbele ya viti vya wageni, mchungaji hufukuzwa. Viti vikiwekwa juu ya njia ya ng'ombe, hakuna anayefukuzwa.

Wako wanaosema kwamba jawabu ni rahisi: starehe ikae kando, kazi itangulie. Hoja hiyo inavutia masikio, lakini ni hoja nyembamba. Mapumziko si anasa ya mabwana peke yao. Wasukuma, ambao ndio wengi katika mkoa huu, hawakuhitaji kufundishwa hivyo na mtu. Baada ya mavuno makundi ya Bagika na Bagalu yalishindana kwa ngoma mbele ya umati, na mkulima aliyeinamia pamba tangu mvua za kwanza alijua kwamba siku za kucheza ni sehemu ya mwaka kama zilivyo siku za kupalilia. Mkulima wa leo anapouza pamba yake na kutaka kuwapeleka watoto kuogelea, au darasa zima la Maswa linapokwenda kuona maji yasiyo na ng'ambo, hayo ni matumizi halali ya ziwa. Tatizo si starehe. Tatizo ni pale starehe ya wachache inapojengewa ukuta, na starehe ya wengi, pamoja na kazi yao, ikaachwa nje ya ukuta huo.

Sheria imekwisha kusema jambo hapa, tena kwa lugha isiyohitaji mkalimani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na vilevile shughuli ambazo kwa asili yake zinaweza kuhatarisha hifadhi ya ukingo huo. Watu wengi huitaja sheria hii kama sheria ya kuwakemea wakulima wa bustani na wenye vibanda vya makuti. Ni vyema isomwe tena. Neno lililomo ni shughuli za kudumu, na hakuna kitu cha kudumu kushinda jengo la zege. Kibanda cha mama muuza samaki huondolewa kwa dakika kumi; ukuta wa mawe huondolewa kwa kesi ya miaka kumi.

Mita 60 hizo zina utata wake, na utata huo umeonyeshwa na ziwa lenyewe. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2019 maji ya Ziwa Victoria yalipanda kwa zaidi ya mita moja, yakafika kimo kikubwa mwezi Mei 2020; mwaka 2024 yakapanda tena. Mahali penye ukingo mkali mita moja si kitu. Mahali palipo tambarare, kama zilivyo sehemu nyingi za ukingo wa Busega, mita moja ya kwenda juu ni makumi ya mita za kwenda bara. Aliyepima mita 60 zake mwaka maji yalipokuwa chini, akajenga kwenye alama ya 61 na kupiga picha ya kibali chake, alijikuta ndani ya eneo lililokatazwa bila kusogeza tofali. Kwa hiyo swali la kwanza la utawala wa ufukwe ni swali la kamba na nguzo: mita zinahesabiwa kutoka wapi? Jibu la busara ni kuhesabu kutoka alama ya juu kabisa ambayo maji yamewahi kufika katika kumbukumbu za watu, si kutoka pale yalipokutwa na mpimaji asubuhi ile.

Kwa majirani yako mafunzo. Katika Ziwa Naivasha nchini Kenya, walowezi waliomiliki mashamba kando ya maji waliunda chama chao cha wenye ardhi ya ukingo tangu enzi za ukoloni. Chama hicho, baada ya miaka mingi, kilifanya mambo ya maana: ziwa liliingizwa mwaka 1995 katika orodha ya ardhi oevu zinazolindwa kwa Mkataba wa Ramsar, na mpango wa kulisimamia ukaandikwa. Wataalamu wa nje waliusifu. Lakini mpango huo ulipotangazwa rasmi katika gazeti la serikali mwaka 2004, wafugaji wa Kimaasai, ambao njia zao za kufikisha ng'ombe majini zilikuwa zimezidi kubanwa na mashamba ya maua, mahoteli na nyumba za watu binafsi, walikwenda mahakamani, na utekelezaji ukasimamishwa. Karatasi ilikuwa nzuri. Waliokosekana ni watu. Ziwa lililozungukwa na wenye hati huweza kupata mpango mzuri wa kutunza ndege na mimea na bado likakosa njia ya mtu mwenye mifugo kufika kwenye maji.

Fundisho jingine liko karibu zaidi, ng'ambo tu ya mpaka wa mkoa. Katika Kata ya Nyatwali, Wilaya ya Bunda, Serikali iliamua katika miaka ya 2020 kuwahamisha wakazi kwa kulipa fidia, ili wanyama wa Serengeti wapate njia ya kufika ziwani wakati wa kiangazi. Umuhimu wa maji kwa wanyama hao haubishaniwi. Ukame haumbagui nyumbu na ng'ombe. Linalofaa kuzingatiwa na watu wa Busega ni hili: haja ya maji iliyoachwa bila kupangiwa njia yake mapema hurudi baadaye ikiwa kubwa na ghali, na wakati huo huwa haidai njia, bali hudai kata nzima. Ukingo ukijazwa leo kwa hati moja moja, kesho atatafutwa wa kumwondoa, na uzoefu wa duniani kote unaonyesha kwamba anayeondolewa kwanza si mwenye jengo la ghorofa.

Kuhusu mpangilio wa haki, Taifa lina mwongozo. Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliweka mahitaji ya msingi ya binadamu mbele ya yote, ikafuatisha mahitaji ya mazingira yenyewe, na matumizi mengine yakapangwa baada ya hapo. Ukiuhamishia ufukweni mpangilio huo, hakuna hoteli inayofungwa. Kinachotokea ni kwamba chanzo cha maji na njia ya kuyafikia huwekwa kwanza. Halafu matete na mazalia ya samaki. Kisha ndipo mwalo, mifugo na starehe hugawana nafasi iliyobaki kwa mazungumzo.

Matete yanastahili neno zaidi, kwa sababu ndiyo yanayokosa mtetezi mkutanoni. Sato hujenga viota vyake katika maji mafupi ya kando, na vifaranga hujificha humo. Mvuvi anayekokota kokoro huangamiza vifaranga hao. Ndiyo maana zana hiyo imepigwa marufuku, na ndiyo maana sato walio chini ya sentimita 25 hawaruhusiwi kuvuliwa. Lakini mwenye hoteli anayefyeka matete ili wageni wapate mandhari na mchanga safi hufanya madhara ya namna ile ile, tofauti ikiwa kwamba kokoro hukamatwa na kuchomwa moto hadharani, ilhali panga la mtunza bustani hulipwa mshahara. Haki inayotazama nyavu na kufumba macho kwa panga haitaheshimiwa mwaloni, na wavuvi hawakosei wanapolalamika.

Afya nayo imo ndani ya jambo hili, ingawa matangazo ya mapumziko hayaitaji. Kichocho kimeenea kandokando ya Ziwa Victoria. Vijidudu vyake hutoka katika kinyesi cha mtu mgonjwa, huingia kwa konokono wa maji yaliyotulia yenye majani, kisha hutoka humo na kuipenya ngozi ya anayeoga au kuogelea. Dawa za kumeza hutolewa mashuleni, nazo zinasaidia. Ila mtoto aliyetibiwa mwezi huu akirudi mwezi ujao katika maji yale yale, dawa imefanya kazi ya kuchota maji kwa pakacha. Kwa hiyo choo ndicho kifaa cha kwanza cha starehe ya ziwani, kabla ya mwavuli na kabla ya muziki. Mwalo wenye mamia ya watu na choo kisichofaa ni hatari kwa mgeni wa hoteli iliyo jirani, hata akiwa ndani ya uzio wake. Maji hayajui uzio. Hapa masilahi ya tajiri na ya mvuvi yanakutana kabisa, na ni ajabu kwamba jambo la kuwaunganisha namna hii halitangulizwi katika mazungumzo yao. Walimu wanaopeleka wanafunzi ziwani nao wana wajibu wa kuuliza, kabla ya basi kuondoka, ni wapi watoto wataogelea, nani atawaangalia, na kama wenyeji wanasema mahali hapo pana mamba au kiboko.

Yako maneno ya upande wa mwekezaji ambayo hayafai kupuuzwa. Mgeni anahitaji usalama na utulivu; halmashauri inahitaji mapato yasiyotegemea bei ya pamba peke yake; vijana wa Lamadi na Nyashimo wanahitaji ajira ambayo haiishi dagaa wanapoadimika. Yote ni kweli. Lakini hakuna hata moja kati ya hayo linaloharibika jengo likikaa nyuma ya mita 60. Upepo wa ziwa unafika huko, na macho yanafika mbali zaidi. Kinachopotea ni kule kuwa na kipande cha ziwa peke yako, na hicho hakikuwa cha kuuzwa tangu mwanzo.

Kwa nini basi mambo haya hayapangwi? Sehemu ya jibu iko ofisini. Afisa ardhi ana faili lake, afisa uvuvi lake, afisa mazingira lake, na watu wa maji wana lao. Mafaili manne, ziwa moja, na mafaili hayo hukutana kwa nadra. Kila mmoja huweza kutoa ruhusa ambayo kwa upande wake haina kosa, na jumla ya ruhusa zisizo na kosa ikawa ufukwe uliozibwa. Sehemu nyingine ya jibu haisemwi sana: watumishi wanaotoa vibali ndio pia wateja wazuri wa meza za kando ya maji. Si lazima pawe na rushwa. Mtu aliyezoea kulitazama ziwa kutoka upande wa ndani wa uzio husahau tu kwamba uzio una upande wa nje.

Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 inaipa kila serikali ya kijiji uwezo wa kupanga ardhi yake, na mkutano mkuu wa kijiji ndipo mahali pa kulipeleka suala hili, si ukumbi wa hoteli. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi vilivyoko mialoni viwemo, na wafugaji wa vijiji vya juu waitwe, maana kwa kawaida husahauliwa kwa kuwa hawalali ufukweni. Wakikaa, watagundua kwamba mengi yanagawanyika bila vita. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi inapokuwa kubwa mitumbwi hupandishwa mchangani na chanja hubaki tupu. Kalenda hiyo haikuletwa na mshauri wa kulipwa. Inawezekana sherehe kubwa na mashindano ya mitumbwi vikapangwa katika siku za mbalamwezi, na siku za giza mchanga ukaachiwa waanikaji. Ng'ombe wanaweza kuwa na njia yao na saa zao. Boti za wageni zinaweza kupewa mkondo ulio mbali na nyavu. Ushuru unaotozwa kwa starehe unaweza kurudi, kwa kiasi kinachojulikana na kusomwa mkutanoni, ukajenga vyoo na chanja za mwalo ule ule.

Lipo ambalo halitagawanyika, nalo ni njia. Kati ya kiwanja kimoja na kingine ibaki njia ya umma hadi majini, pana ya kupitisha kundi la ng'ombe au mkokoteni wa dagaa, isiyo na geti na isiyo na kiingilio. Njia hizo zikishazibwa, kuzifungua huwa kazi ya mahakama, kama watu wa Naivasha walivyoona.

Busega bado ina nafasi ambayo wengine wameipoteza, kwani sehemu kubwa ya ukingo wake haijawekewa ukuta. Kabla ya kibali kingine cha ujenzi kutolewa kati ya barabara kuu na ziwa, Halmashauri ya Wilaya ingefanya vyema kuwatuma wapimaji wake pamoja na wazee wanaokumbuka maji yalifika wapi, zisimikwe nguzo za mita 60 kutoka alama hiyo, zichorwe na njia za umma. Ramani yake ibandikwe penye macho ya watu: katika ofisi za vijiji, kwenye mialo, na katika kituo cha mabasi cha Lamadi, anaposhukia abiria aliyetoka Bariadi kuja kuliona ziwa kwa mara ya kwanza.